Madirisha ya Bwana Marzouq na Kifungu cha Tisa

Kanuni za jumuiya ya wenye nyumba pale Ibra, zile nyumba arubaini zinazopakana na barabara ya Sur, aliziandika Bwana Marzouq kwa mkono wake. Ni mtu wa Wete, aliyekuja Oman kijana, akafanya kazi ya majalada wizarani mpaka akastaafu, na alipostaafu akakosa cha kupanga. Wenziwe wakamfanya mwenyekiti wa kwanza kwa kuwa hakuna mwengine aliyetaka. Baada ya miezi mitatu akawaletea kurasa sitini na mbili.

Kifungu cha tisa ndicho alichokionea fahari zaidi. Kilimkataza mwanachama kubadilisha dirisha au mlango wa nje bila ya idhini ya kamati, na idhini ilitaka picha, vipimo, kipande cha rangi, na saini za jirani wa kulia na wa kushoto. Kwa kifungu hicho alimkatalia mjane mmoja wavu wa mbu wa dirishani, akamwandikia barua nzuri sana.

Miaka ikapita, akaacha uwenyekiti. Mipira ya kuzibia madirisha yake ikakatika kwa jua, na kila upepo ulipovuma kutoka jangwani, vumbi liliingia mpaka ndani ya bakuli la sukari. Mlango wa mbele ulikuwa haufungiki ila kwa kusukumwa na bega.

Mkewe, Bi Ghaniya, ana pumu. "Baba Wijdan," alimwambia, "mwite fundi."

"Fundi? Kwanza fomu."

Akaijaza fomu, aliyoichora mwenyewe, akaipeleka kwa mwenyekiti wa sasa, Balqis, mhandisi kijana.

"Shikamoo, babu. Saini ya kushoto haipo."

"Marahaba. Nyumba yangu ya mwisho. Kushoto kuna mbuzi tu."

"Naam, lakini kifungu hakisemi tufanye nini ikiwa hakuna jirani."

Bwana Marzouq akafikiri. "Kweli, hakisemi."

Akarudi nyumbani uso unang'ara. "Yule binti kasoma kila neno, Mama Wijdan! Kila neno!"

Bi Ghaniya alitaka kumjibu, kikohozi kikamzuia.

Kamati ikamhurumia. Ikaitisha kikao, na mjumbe mmoja, Khalaf, akasema, "Mzee wetu huyu, tumpe tu, khalas, yaishe." Mikono yote ikapanda. Na nyuma ya chumba ukapanda mmoja zaidi.

"Samahani, mwenyekiti," alisema Bwana Marzouq. "Mko watatu. Akidi ni wajumbe wanne."

"Babu, tunakupa wewe idhini!"

"Naona. Lakini hamna mamlaka ya kunipa."

Khalaf akajifunika uso kwa ncha ya kilemba. Mjumbe wa nne alikuwa Salalah, amekimbia joto na kufuata manyunyu ya huko, na hakuna aliyejua atarudi lini. Kikao kikavunjika.

Habari zilimfikia Bi Ghaniya kwa simu ya mke wa Khalaf, kabla mumewe hajavua viatu. Akamwekea mumewe chakula. Jumatatu Bwana Marzouq alipokwenda Nizwa kupimwa macho, akamwita fundi wa alumini kutoka Sinaw. Ilipoadhiniwa alasiri, madirisha yote yalikuwa mapya, na mlango pia.

Bwana Marzouq aliporudi, ufunguo wake haukuingia. Akabisha.

"Nani?"

"Mimi. Mlango huu hauna idhini."

"Basi kaa huko nje uitafute."

Akakaa kwenye ngazi, ameshika bahasha ya hospitali, mpaka upepo ulipoanza kumjaza mchanga masikioni. Akabisha tena, safari hii kwa adabu. Akafunguliwa. Ndani upepo haukusikika tena. Akamsikia mkewe anavuta pumzi bila ya kifua kupiga filimbi, jambo ambalo hakulisikia tangu mwaka juzi. Akakaa kitako, akainywa chai yake bila ya kutaja kifungu chochote.

Wiki ya pili kamati ikampelekea onyo, mistari miwili iliyoandikwa kwa haraka. Bwana Marzouq akavaa miwani. Tarehe haikuwepo. Nambari ya kifungu haikuwepo. Akachukua kalamu nyekundu, akasahihisha, akajiwekea mwisho wa siku saba wa kuyaondoa madirisha, akaongeza na maneno "bila ya udhuru wowote", akalirudisha mwenyewe kwa Balqis.

"Babu, umejiandikia onyo kali kuliko letu!"

"Ndivyo linavyoandikwa, mwanangu."

"Sasa utayaondoa madirisha?"

Bwana Marzouq akatazama vidole vya miguu yake. "Mimi nimeonywa, na onyo nimelipokea. Lakini aliyeyatia ni Mama Wijdan. Nyumba imeandikwa jina langu, yeye si mwanachama. Kanuni zinasema mwanachama."

Balqis akazifungua zile kurasa sitini na mbili, akazipekua mbele na nyuma. Wake wa wanachama hawakutajwa popote.

"Uliwasahau, babu?"

"Niliwasahau," alisema mzee, na kwa mara ya kwanza hakuitafuta kalamu yake nyekundu kusahihisha.