Wali wa Paka Wetu

Ilianza Jumanne, saa kumi na moja na robo jioni. Saa naijua kwa sababu chuoni, kwenye madrasa, tulikuwa tukitolewa saa kumi na moja kamili, na kwa vichochoro vya Mji wa Kale hadi kwetu ni robo saa, kama husimami njiani. Nilikuwa darasa la tano. Sasa niko kidato cha tatu, tumehamia Tudor, na haya nayaandika kwa sababu wiki jana nilipita mtaa wetu wa zamani, nikaona paka mweupe amejilaza kizingitini. Nikasimama pale kama mjinga, sijui nafurahi au nataka kulia.

Wetu alikuwa mweupe hivyo hivyo, jina lake Pamba. Jumanne hiyo nilimkuta mama amemtia kikapuni, kifuniko amekifunga kwa kamba.

"Kesho asubuhi umpeleke sokoni kwa wauza samaki," akaniambia. "Huko hatakosa. Hapa tutampa nini, mwanangu?"

Baba alikuwa ameachishwa kazi bandarini, na chajio chetu kilikuwa chai ya rangi na mkate wa jana. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kuwa shida hufika hadi kwa paka. Mimi si msemaji, hata leo. Nilikaa ngazini nikalia bila sauti. Bibi mjane wa nyumba ya pili alikuwa dirishani akichagua mchele. Akatazama kikapu, akanitazama mimi.

Baada ya magharibi akapiga hodi, mkononi sahani iliyofunikwa kawa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Shika, hiki cha paka wenu. Haya, kabla hakijapoa."

Mama alikuwa bado kwenye msala, akimalizia sala. Nami, usinicheke, nilikuwa mtoto wa kushika neno la mkubwa kama lilivyo. Nikafunua: wali wa nazi unatoa moshi, kipande kizima cha nguru wa kupaka, na ndimu pembeni. Nikamfungua Pamba, nikamwekea uani. Nilimeza mate, wallahi, lakini sikuonja hata punje. Cha paka ni cha paka.

Mama alipotoka, Pamba alikuwa akilamba sahani.

"Umefanya nini, wewe?"

"Bibi amesema cha paka."

"Paka hukatiwa ndimu?"

Nilidhani atanipiga. Akakaa chini akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso, na sikuelewa kama yale machozi yote yalikuwa ya kicheko. Ndipo akanieleza: mtu hamwambii jirani yake, najua mna njaa. Hutafuta namna ya kumsitiri.

Haukupita muda, hodi tena. Safari hii ni mama muuza samaki anayekaa mkabala na sisi, na mfuko. "Vya paka," akasema, akaenda zake. Ndani mna vichwa vitatu vya changu, vikubwa, vimeparwa magamba vizuri.

"Na hivi je?" nikauliza.

Mama akavigeuza, akavinusa. "Hivi hata mimi sijui."

Na kwenda kuuliza ni aibu. Vikapikwa mchuzi, minofu tukala sisi, mifupa akala Pamba.

"Leo tumealikwa na paka," baba akasema.

Mama hakucheka tena. "Kesho Pamba anakwenda vilevile. Sitaki watu wajisumbue kwa ajili yetu."

Huku Tudor majirani ni wema. Mtu akitaka kukusaidia hukupigia simu, akuulize waziwazi umepungukiwa na nini. Pengine ndiyo bora. Sijui. Bibi ameshafariki, na sikumbuki mara ya mwisho mtu kutudanganya vizuri namna ile mlangoni. Hata vile vichwa, mpaka leo sijui vilikuwa vya paka kweli au vyetu.

Jumatano asubuhi nikabeba kikapu kama nilivyoagizwa. Sokoni sikufika. Nilisimama mlango wa pili, mimi ambaye hodi hunikwama kooni, nikagonga.

"Mama anakusalimu," nikamwambia bibi, na mama hakunituma. "Anasema paka ameupenda wali wako. Hakubakisha kitu."

Bibi akachungulia kikapuni.

"Basi mrudishe ndani," akasema. "Mwambie mamako, wa leo nitaongeza. Paka huyo anaonekana ana ndugu wengi."

Nikarudi naye, nikamfungua, nikaenda shule bila kumtazama mama usoni.