Kilima Ambacho Hakikukaliwa na Mtu

Kijiji chetu ukikitazama kutoka barabarani utadhani kimekaa hivyo tangu Mungu aumbe mawe. Nyumba zimejipanga mstari mmoja kama watoto wa shule asubuhi, mbele barabara ya kwenda Mugumu, nyuma mihogo, halafu mto wenye maji miezi michache tu, halafu kilima. Si kweli. Ule mstari tulipangwa na serikali. Watu wa kwetu hatukuwa na tabia ya kukaa karibu hivi, hata leo jirani akikohoa naona kama kaingia ndani. Mji wa mtu ulikuwa kilimani, umezungukwa na minyaa, na mji wa pili mbali kiasi kwamba moto ukiuomba kule, unafika kwako umekuwa majivu.

Siku ya kuhamishwa nilikuwa nimeoa karibuni. Tulishusha ulezi, kuku na mlango. Ndiyo, mlango, baba alikataa kuuacha, akaubeba kichwani mpaka chini. Mama hatukumshusha. Alikuwa amekufa masika mbili kabla, na kaburi lake lilikuwa nyuma ya nyumba yake, hatua chache kutoka kwenye jiwe lake la kusagia.

Hilo jiwe lazima nilieleze, maana ndilo lililonishinda. Kule juu kulikuwa na miamba bapa. Mwanamke akiolewa alichagua mahali pake kwenye mwamba, akasaga ulezi hapo miaka yote kwa jiwe la mkononi, mpaka mwamba ukabonyea. Wa mama ulibonyea hata mtoto mchanga akalala ndani, na mimi nililazwa humo, ndiyo maana mke wangu husema nina kichwa kigumu. Sasa ukikuta kilimani alama za zizi, linaweza kuwa la kambi tu, la wachungaji wa kiangazi. Lakini wachungaji hawasagi ulezi, wao ni maziwa na uongo. Palipo na mwamba uliobonyea palikaa mwanamke, na palipokaa mwanamke palikuwa mji. Kila mtu wa kwetu anajua hilo.

Mwaka juzi walikuja wataalamu kupanga ardhi ya kijiji, ipi ya kulima, ipi ya malisho. Walitaka na historia kidogo ya kuweka mwanzoni. Mwenyekiti akaniita mimi, akamwita na mzee wa ukoo wa pili, ambaye zamani mji wao ulikuwa upande wa juu wa kilima kilekile. Huyo tuliingia naye jandoni msimu mmoja. Mpaka leo, meno yameisha, tunaitana mura, yaani kijana. Mtu wa jando lako anaweza kukutukania hata babu yako na huruhusiwi kukasirika. Na sisi tangu utoto ugomvi wetu ni mmoja: ukoo gani ulitangulia kufika.

Tulikaa darasani, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mimi darasa niliishia la pili, nikajiona nimerudi kumalizia.

"Shikamooni wazee," alisema dada mwenye kalamu. "Pale kilimani alikuwa anakaa nani?"

"Sisi," nikasema.

"Mura, usimdanganye mtoto wa watu," mwenzangu akasema taratibu. "Nyie mlikuwa na zizi la kiangazi. Mji ulikuwa wetu."

"Mji gani? Mlikuja mnakimbia njaa, babu yangu akawaonyesha pa kulaza ng'ombe."

"Babu yako huyo alikuwa anaomba chumvi kwetu."

"Aliwaonea huruma, alitaka mjione na nyie mna kitu."

Watu walicheka, na mimi kicheko cha watu kinanilewesha kuliko pombe. Dada alingoja, kisha akasema, "Wazee, alilopinga mmoja wenu siwezi kuliandika. Nitaandika mnalokubaliana wote. Kuna alama yoyote kule, kaburi au nyumba, ambayo wote wawili mnaikubali?"

Mwenzangu akanitazama. Nilijua anawaza nini, kwa sababu na mama yake alikuwa na mwamba wake, umebonyea kama wa mama. Nikitaja wetu, nimempa na wake. Akitaja wake, amenipa wetu. Tulitazamana hivyo kama fahali wawili mtoni.

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna," akasema.

Ndilo jambo pekee tulilowahi kukubaliana maishani. Dada akasoma alichoandika: kilima kilitumiwa na wachungaji wa koo zote mbili, hakikukaliwa na mtu, na kijiji kilianza watu walipohamishiwa barabarani. Mimi niliandika jina langu kwa herufi kubwa. Mwenzangu aliweka dole gumba, nikamcheka.

Kiangazi kilichopita likapita gari limebeba mtambo wa njano, likavuka mto kuelekea kilimani. Nilikwenda ofisi ya kijiji kuuliza. Mtendaji, kijana mwenye adabu, akafungua faili. "Mzee, kilima kilitengwa kwa kuchimba mawe ya barabara, kwa kuwa hakina makazi wala makaburi. Sahihi yako hii hapa." Kweli, herufi zangu zilikuwa kubwa, hata bila miwani nilizisoma.

Nikaenda kwa mwenzangu. Alikuwa anamenya mihogo. "Mura, nyanyuka, tukaseme mama zetu wako kule."

Hakubisha. Tulipanda wawili, tukipumzika kila jiwe, na nadhani hiyo ndiyo iliyotuponza, ama basi tulikuwa tumeponzeka siku nyingi. Tulipofika, upande wetu na upande wao ulikuwa mmoja, mweupe, vumbi tupu. Minyaa imelala. Dereva wa mtambo alizima injini akashuka. "Shikamooni wazee. Sogeeni chini kidogo, mawe yanaruka." Tukasogea. Tungemwambia nini, na tulishaandika?

Kokoto zilimwagwa barabarani, mpaka mlangoni pangu. Siku moja niliona kipande cha ukubwa wa kiganja, upande mmoja kinakwaruza, upande wa pili laini kama sabuni, kwa kusagiwa ulezi. Nikampelekea mwenzangu. Alikipitishia kidole gumba, kilekile nilichokicheka, muda mrefu.

"Hiki ni cha mama yangu," akasema.

"Cha mama yako kilikuwa chekundu."

"Umekisahau. Chekundu kilikuwa cha kwenu."

Nikamnyang'anya, nikaondoka nacho. Kiko chini ya kitanda changu. Na kusema kweli mimi mwenyewe sikumbuki chekundu kilikuwa kipi.