Ndoo Isirudi Tupu

Jumatano moja ya mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikiwa zimekolea, niliianza siku nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya duka langu, nikikwangua matope kwa kipande cha boksi. Mvua ya usiku ilikuwa imeteremka kutoka kwenye miamba ya mlimani kama ilivyo desturi yake, ikaukuta mtaro wa mtaa wetu umezibwa na maganda, chupa za plastiki na mifuko, nayo ikaamua kupitia madukani. Karatasi zilizokuwa kwenye rafu ya chini zilikuwa zimevimba kama mikate. Mikono yangu ilikuwa Mwanza, lakini kabla kazi haijaisha moyo wangu ulikuwa umevuka ziwa, umekwenda Nansio, kule kisiwani, kwenye asubuhi moja ya ujana wangu ambayo sijaisahau. Ndiyo ninayotaka kukusimulia, mwanangu. Ila nivumilie kidogo, kwa maana hadithi ya kale haina ladha mpaka ujue ni njaa gani ya leo iliyoifanya ikumbukwe.

Nilisomea ualimu Butimba, nikafundisha watoto kwa miaka mingi, kisha nikafungua duka la vifaa vya ofisi katika mtaa unaoteremka kuelekea ziwani. Majirani zangu ni mama lishe, wauza samaki, mafundi na wasusi. Kila mmoja wetu huzalisha taka za aina yake: kwangu ni maboksi na karatasi, kwa mama lishe maganda, kwa wauza samaki mapanki, yaani ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishaondolewa.

Miongoni mwa vijana niliowafundisha kusoma alikuwa Kabula, binti wa seremala wa mtaa wetu. Alipomaliza chuo hakukaa barazani kungoja ajira. Yeye na wenzake walinunua guta, ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, wakaanza kukusanya taka za biashara zetu. Kila duka lilipewa ndoo mbili, moja ya mabaki ya chakula na nyingine ya vitu vikavu. Chupa na maboksi waliviuza kwa wanaovisaga upya, maganda waliyakausha wakayageuza kuwa mkaa wa kupikia. Mkaa wenyewe ulikuwa mzuri, ingawa watu waliutilia shaka na haukununuliwa sana.

Miezi ya mwanzo mtaa wetu ulipendeza hata wageni wakauliza kuna kiongozi gani anakuja. Kisha, polepole, ndoo zikaanza kukutwa hazina kitu. Watu walirudia desturi yetu ya siku zote, ya kungoja mvua. Mtu akiona wingu limeinama juu ya miamba, anatoa taka zake na kuzimwaga mtaroni, maji yazipeleke ziwani. Husemwa kwa utani kwamba mvua ni gari lisilodai mafuta. Tunachosahau ni kwamba gari hilo likishashusha mzigo, sisi ndio tunaoteka maji na kuvua samaki palepale liliposhushia. Mchuma janga hula na wa kwao.

Asubuhi ile ya matope Kabula alikuja dukani akiwa amevaa mabuti, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Aliniamkia, nikamwitikia, naye akachukua kipande kingine cha boksi akaanza kukwangua pamoja nami bila kuombwa. Baada ya kitambo akaniambia kwamba Jumamosi angekuja mtu kutoka Busisi kulinunua guta. Tangu daraja la kwenda kule lianze kupitisha magari, alisema, watu wa kule wana mizigo mingi ya kusogeza, na kwao guta lingekuwa na heshima.

"Na mtaa huu je?" nikamuuliza.

"Mtaa huu umenishinda, Mwalimu. Nimewaeleza kwa upole, nimewaeleza kwa mabango. Wakipenda mtaro, waishi na mtaro."

Nilitaka kumjibu kwa methali, maana walimu tuna ugonjwa huo. Lakini jicho langu liliangukia ndoo yangu ya vitu vikavu iliyokuwa pembeni. Nikagundua kwamba haikuwa yangu. Ya kwangu ilikuwa na ufa mdogo mdomoni, na hii haikuwa nao. Tena ilinuka samaki. Hapo ndipo Nansio iliponijia.

Wakati huo nilikuwa msichana, niko likizo kutoka chuoni, nakaa kwa shangazi yangu Sabina. Alikuwa na mgahawa karibu na gati, na nyuma ya nyumba alikuwa na migomba aliyoipenda kuliko wateja. Ardhi ilikuwa imechoka, kwa hiyo alimwomba jirani yake, Bibi Laurencia, aliyeuza mihogo ya kuchemsha, asitupe maganda. Kila jioni ndoo ya Bibi Laurencia ilikuja imejaa. Kila asubuhi shangazi alimwaga maganda kwenye mashina, akaninyoshea ndoo kwa mkono mmoja, nami nikaipeleka na kuiacha mlangoni kwa mwenyewe. Migomba ikaanza kunenepa.

Siku moja ndoo haikuja. Wala kesho yake. Tulipochungulia, tukaona maganda ya mihogo yametupwa ufukweni, mbuzi na mawimbi wakiyagombania. Shangazi alikasirika sana. Akanituma nikamuulize bibi yule ni ubaya gani ametendewa hata aone heri kulisha mawimbi.

Nilimkuta Bibi Laurencia anamenya mihogo. Nikamwamkia kwa magoti. Hakunijibu swali langu upesi. Alinipa kigoda, akanikatia kipande cha muhogo wa moto, akaniuliza habari za masomo, na kama kule Butimba tunashiba. Nilipokwisha kushiba, naye alipokwisha kunitazama vya kutosha, akasema:

"Mwambie Sabina hivi. Ndoo yangu inakwenda kwake kila jioni ikiwa na kitu, na kila asubuhi inarudi ikiwa na upepo na uchafu wake. Sidai ndizi zake. Nataka nijue tu kwamba kuna mtu aliitazama kabla ya kuirudisha."

Nilirudi na maneno hayo kama nilivyopewa, neno kwa neno, kwa hofu. Nilidhani shangazi angefoka. Badala yake aliitazama mikono yake. Unajua, mwanangu, sisi tunalelewa hivi: jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, bakuli halirudi tupu. Utatia hata ndimu mbili, hata chumvi, na kama huna kitu kabisa utaliosha ling'ae, ulirudishe kwa mikono miwili. Shangazi aliijua adabu hiyo kuliko mimi. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kilichomo ndani kikiwa ni maganda, basi chombo kimekwisha kuwa si chombo, na aliyekileta si jirani.

Aliosha ile ndoo mwenyewe, kwa majivu na mchanga. Akakata kichane cha ndizi mbivu, akakitia ndani, akatoka nayo bila kunituma. Jioni yake maganda yalikuja, na juu ya maganda kulikuwa na muhogo mmoja uliofungwa kwenye jani. Ndoo ile iliendelea kwenda na kurudi mpaka Bibi Laurencia alipofariki, na siku ya msiba shangazi ndiye aliyeoga mwisho, kwa sababu alishinda jikoni akiosha vyombo vya marehemu.

Nilimsimulia Kabula yote haya tukiwa tumekaa juu ya maboksi yaliyolowa. Alisikiliza, kisha akajitetea, na utetezi wake ulikuwa na akili. Alisema kubadilisha ndoo ndivyo walivyoelekezwa kwenye semina ya ukusanyaji taka: unachukua iliyojaa, unaacha nyingine tupu, unaokoa muda. "Ndoo zote ni sawa, Mwalimu," akasema. Nikamwambia, twende kwa Mama Suzi tukamuulize kama ndoo zote ni sawa.

Mama Suzi anauza chai na vitumbua asubuhi, ndizi na nyama mchana. Ulimi wake ni mkali, na alikuwa wa kwanza kuacha kutumia ndoo za Kabula. Alitukaribisha viti, akatumiminia chai, kisha akageuza kitumbua kimoja kwa utulivu kabla ya kujibu.

"Mwalimu, mimi ni mtu wa chakula. Ndoo waliyoniachia ilikuwa imetoka kwa muuza mapanki. Nzi walifika kabla ya wateja, nao hawakununua kitu."

Kabula akamwambia kwa sauti ndogo kwamba walikuwa wanazisuuza.

"Mnazilowesha, binti yangu, hamzioshi. Halafu ndoo zenu hazina kwao. Leo imelala kwa muuza samaki, kesho inalala kwangu, keshokutwa kwa fundi pikipiki. Hata mume sikubali kwa utaratibu huo."

Wateja waliangua kicheko. Nilimtazama Kabula nikihofia angeinuka na kuondoka, kwa maana kijana aliyechoka hajui kuchekwa. Aliinama, akakitazama kikombe chake. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikaona kwamba na yeye anacheka, ingawa machozi nayo yalikuwa karibu. Akamuuliza Mama Suzi kama ndoo yake ya kwanza angeitambua akiiona. Mama Suzi akasema angeitambua hata gizani, kwa kuwa mpini wake aliufunga kitambaa chekundu yeye mwenyewe siku ile ile alipopewa.

Kumbe aliwahi kuifunga kitambaa. Huwezi kukifunga kitambaa chombo usichokithamini.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alhamisi na Ijumaa Kabula na wenzake walishinda wameinama. Walizikusanya ndoo zote, wakazisugua kwa sabuni na mchanga, wakaandika jina la kila mwenye biashara kwa rangi. Ile ya kitambaa chekundu ilikutwa kwa fundi pikipiki, imejaa oili chafu. Waliisugua mpaka jioni. Kisha, na hili sikuwashauri mimi, ndani ya kila ndoo wakaweka vipande vya ule mkaa wao, mkaa uliotokana na maganda ya watu hao hao.

Jumamosi mnunuzi kutoka Busisi alifika mapema, mtu mcheshi mwenye kofia ya pama. Alilizunguka guta, akapiga teke gurudumu, akaridhika. Kabula alimwomba asubiri kidogo, kwa kuwa guta lilikuwa limepakiwa ndoo, na si adabu kuuza kitu kabla ya kurudisha vyombo vya watu. Nilisimama mlangoni kwangu nikaangalia. Alipita mlango kwa mlango, akiamkia, akikabidhi kila ndoo kwa mikono miwili. Fundi pikipiki aliipokea yake, akaiweka chini ya benchi. Msusi mmoja alikataa, akasema ameshazoea mtaro, na mpaka leo hajabadilika. Muuza samaki alichungulia ndani, akatoa kipande cha mkaa, akakinusa, akacheka peke yake.

Mama Suzi aliipokea yake, akaigeuza huku na huku, akapitisha kidole ndani kama mkwe anayekagua sufuria. Kisha akautia ule mkaa kwenye jiko lake mbele ya wateja wote. Sote tukasogea kutazama. Ukashika moto. Akaweka karai la vitumbua juu, na kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia akauliza:

"Sasa nyie, maganda yangu ya tangu juzi mnakuja kuyachukua leo au mpaka mvua?"

Kabula aligeuka akamtazama mnunuzi. Naye hakuhitaji kuambiwa. Alivua kofia yake, akasema ameona mwenyewe kwamba guta lile lina kazi. Aliomba tu apewe kitumbua kimoja, asirudi Busisi mikono mitupu.

Wiki kadhaa baadaye nilivuka kwenda Nansio kusherehekea Krismasi na shangazi Sabina, ambaye sasa ni bibi kizee lakini macho yake bado yanaona vumbi. Kabula alinipa ndoo yenye jina langu, imejaa mkaa, nimpelekee. Nikiwa bado huko, niliirudisha ndoo hiyo kwa meli pamoja na barua hii. Nakupa na wewe uisome, mwanangu, kwa sababu niliyomwandikia yeye ndiyo niliyotaka kukwambia.

"Mpendwa Kabula,

Mkaa umefika. Shangazi ameupikia maharage, na amekataa kumwambia mtu yeyote umetoka wapi mpaka wamalize kuusifu. Nilipomweleza kwamba umetokana na maganda, alilitaja jina la Bibi Laurencia.

Ndoo nairudisha. Ameiosha yeye mwenyewe, kwa majivu, amenikataza kumsaidia. Ndani yake utakuta chipukizi la mgomba lililofungwa kwenye gunia bichi. Limetoka kwenye shina lile lile lililolishwa maganda ya mihogo nilipokuwa na umri kama wako. Lipande nyuma ya banda lenu.

Utakutana na mitaa mingine, na watu wagumu kuliko sisi. Usianze kwa kuwafundisha. Anza kwa kuzitazama ndoo zao. Mtu anayekutengea taka zake amekupa kazi ya mikono yake, na mkono mtupu haulambwi. Kirudishe chombo kwa mwenyewe, kikiwa safi, kikiwa na kitu, hata kiwe kidogo. Atakayekataa mwachie mlango wazi, umwamkie kila siku. Msusi wetu naye ana mvua yake itakayomfundisha. Ziwa nalo ni jirani. Limetulisha tangu babu zetu, na kwa muda mrefu sisi tumelirudishia bakuli lake likiwa na uchafu. Adabu hiyo tuliyokosa kwalo, nyinyi vijana ndio mnaoirejesha.

Mungu akupe mgongo usiochoka kuinama na jirani wa kukucheka unapokosea. Kazi yako izae kama mgomba, unaoacha watoto kabla haujaanguka. Na kila unachokipeleka kwa watu kwa mikono miwili, kikurudie kikiwa kimejaa.

Ni mimi, Mwalimu wako."