Mbwa Wetu Hataenda Kiritiri

Mara ya kwanza niliambiwa afisa wa mifugo yuko fildi, kazini vijijini. Mara ya pili niliambiwa fomu yao ina nafasi ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku, haina nafasi ya mbwa. Mara ya tatu nilimpata afisa mwenyewe, hapa Kibirichia, ameketi mezani na simu mkononi. Binti yangu wa miaka mitano alikuwa amenishika sketi. Nikaeleza tena. Askari, mbwa wetu, ana miaka kumi na minne. Miguu ya nyuma imekufa. Tumboni ana uvimbe mkubwa kama kiazi cha mbegu, na ukungu ukishuka tu anaanza kulia. Siombi atibiwe, nilisema, naomba achomwe sindano apumzike.

Afisa hakuinua macho. "Mama, si umtie tu kwa gunia. Lori la viazi linateremka Kiritiri kesho."

Wenzake wawili wakacheka. Binti yangu akanivuta sketi. "Mama, Kiritiri ni wapi?"

Hapo ndipo nilipasuka moyoni.

Kama hukulelewa huku juu utashangaa, kwa sababu Kiritiri ni soko tu, kule chini Mbeere, watu wanauza mbuzi na makaa na mchanga, na sina neno nalo. Lakini nilipokuwa mdogo, mbwa wa kijijini kwetu hawakuwa wanakufa. Walikuwa wanaenda Kiritiri. Unaamka asubuhi mbwa fulani mzee hayuko, unauliza, mtu mzima anakujibu akiangalia pembeni: ameenda Kiritiri, kule kuna joto, mifupa yake itapona. Na sisi tulioamka na mikono imepasuka kwa baridi, tukichimbua viazi kwa udongo wa maji maji, tuliwaonea wivu. Nilikuwa naiona hiyo Kiritiri kabisa. Mbwa wamelala juani, mbele ya kila bucha kuna mifupa ya mbuzi, hakuna anayemfukuza mwenzake. Siku moja mwalimu wa Sunday School alituuliza viumbe wa Mungu huenda wapi wakizeeka. Nikainua mkono, nikasema watu huenda mbinguni na mbwa huenda Kiritiri. Mwalimu alicheka hadi akashika ukuta. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Nilikaa na nyanya, mama ya mama yangu. Jikoni kwake kulikuwa na moshi wa kukutoa machozi na harufu tamu kuliko nyumba yoyote niliyoingia tangu hapo. Alikuwa anafukia viazi kwenye majivu ya moto, anaviacha mpaka ganda linapasuka, halafu anatupatia na chumvi kidogo na chai ya maziwa. Maganda yalikuwa ya Popi. Popi hakuwa mbwa wetu, alikuwa wa jirani, lakini yeye mwenyewe hakujua hivyo. Sikio lake moja lilikuwa limekatika nusu kwa kupigana na nungunungu waliokuja kuchimba viazi. Kila asubuhi alitusindikiza shule mpaka kwenye daraja la mto, anaketi, anatuangalia tukipanda ule mlima, halafu anarudi. Jioni tulimkuta pale pale. Nyanya alikuwa akisema huyo mbwa ndiye mwalimu wa zamu.

Mwaka niliokuwa darasa la tatu, Popi alianza kuchechemea. Halafu asubuhi moja hakuwa kwenye daraja. Ameenda Kiritiri, jirani akasema. Nililia kidogo, halafu nikafurahi kwa niaba yake. Hivyo, rafiki yangu, ndivyo watoto wanavyodanganywa wakashukuru.

Wiki chache baadaye nyanya alikuwa na magunia ya kuteremsha soko la Kiritiri, shule zimefungwa, akanichukua. Nilivaa gauni la kanisa. Yeye alidhani ni kwa sababu ya safari.

Joto la kule lilinishika kama mkono. Magunia yalipokuwa yanashushwa nilianza kutafuta mbwa, na niliwapata. Walikuwa chini ya malori ya makaa, mbavu nje, wanagombania tambara lililofungiwa nyama. Mmoja hakugombana na wenzake. Alikuja akinusa buti zangu, zile zilizokuwa bado na udongo mweusi wa kwetu. Sikio nusu. Alinusa buti ya kulia, akanusa ya kushoto, halafu akalia kama mtu.

Nilimwita nyanya. Alikuja, akamtazama Popi, akarudi kuhesabu magunia yake. Nilidhani hajali. Lakini lori lilipowashwa kurudi, na Popi akaanza kukimbia nyuma yetu kwa miguu mitatu, nyanya alimwambia dereva asimame. Dereva akasema lori lake halibebi mbwa. Nyanya akafunga leso yake vizuri na kumwambia, taratibu kabisa, kwamba basi yeye anateremka, na viazi vya msimu ujao vinateremka pamoja naye.

Lori lilisimama.

Ungeona vile tulivyoingia kijijini siku hiyo. Watu walitoka mashambani. Mimi nimesimama nyuma ya lori na gauni langu la kanisa limekuwa vumbi tupu, nimemkumbatia mbwa aliyerudi kutoka mbinguni. Nyanya alimpitisha Popi mbele ya lango la jirani, akagonga, na jirani alipotoka alimwambia tu, "Ulisahau mzigo." Jirani alikosa pa kutazama. Popi akaja kulala kwetu, na tangu siku hiyo hakuna mtu mzima aliyenitajia Kiritiri tena.

Aliishi miezi mitano. Alipofika mahali hawezi kusimama hata kwa ajili ya maganda, nyanya alimwita daktari wa ng'ombe, mzee mmoja wa pikipiki aliyenukia dawa ya dipu ya kuogeshea ng'ombe. Nyanya alituambia sisi watoto tusijifiche. Tulidhani tutaona kitu kibaya. Tulichoona ni nyanya ameketi kwenye mtaro wa viazi, kichwa cha Popi pajani, akimlisha kiazi cha kwenye majivu, kiazi chenyewe siku hiyo na si ganda, akimtajia kwa Kimeru kazi zote alizofanya: nungunungu aliowafukuza, watoto aliowasindikiza, kila mmoja kwa jina lake. Daktari alingoja mpaka akamaliza. Popi alifumba macho akiwa bado anatafuna.

Tukifukia udongo, nyanya aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Aliyekulinda, usimwache afe akikutafuta."

Nyanya mwenyewe amelala juu ya kilima sasa. Jiko lake lilibomolewa, juu ya mtaro ule imepita barabara ya lami, na watoto wanakula viazi vya kukaanga kutoka kwa karatasi. Nungunungu sijawasikia miaka. Askari ni mbwa wa mwisho kutoka kwa mkono wake. Alinipatia akiwa mdogo wa kutoshea kwa kikombe, mwaka ule mimi nilikuwa darasa la sita, akaniambia wewe unajua safari yake inaishia wapi na haiishii wapi. Sasa uniambie, mtu ananiambia niweke huyo kwa gunia, mbele ya mtoto wangu, na mimi ninyamaze?

Sikupiga kelele. Nilimwambia afisa yule nitarudi na mkubwa wake, nikapanda siku hiyo hiyo mpaka ofisi ya juu, nikaketi kwenye benchi na binti yangu, tukala viazi baridi tulivyobeba, tukakaa. Walipotaka kufunga, mkubwa mwenyewe, mama wa makamo mwenye gambuti, alitoka kuuliza tunangoja nini. Nilimweleza. Hakucheka. Asubuhi iliyofuata alikuwa kwangu na mkoba wa dawa, kumbe yeye mwenyewe ni daktari wa mifugo.

Nilikuwa nimeshafukia kiazi kwenye majivu. Binti yangu alimlisha Askari kipande kwa kipande, nami nikamtajia kazi zake. Ni nyingi, mimi nilikuwa mtoto mtukutu. Daktari alieleza kwamba sindano ya kwanza ni ya usingizi na ya pili ndiyo ya mwisho, akangoja. Askari alituangalia sisi wawili, tulikuwa hapo, hakuwa na wa kumtafuta. Akalala. Binti yangu hakulia mpaka baadaye, na alipolia alilia vizuri.

Daktari akifunga mkoba aliniuliza, "Sasa umetulia, mama?"

Nikamwambia sijatulia, barua inakuja. Niliiandika jioni ile kwa mkono. Imepigwa muhuri, na nakala yangu iko ukutani jikoni. Ni hii:

KUH: MALALAMISHI JUU YA AFISA WA MIFUGO WA KIBIRICHIA

Mbwa wangu ameshapumzika, kwa hivyo msiseme nalalamika ili nihudumiwe.

Nilikwenda kwa afisa wenu mara tatu kuomba mbwa mgonjwa auawe bila mateso. Mara ya tatu aliniambia nimtie kwa gunia nimpeleke Kiritiri. Alisema hayo mbele ya mtoto.

Naomba fomu yenu iwekewe nafasi ya mbwa. Naomba afisa huyo aje nyumbani kwangu amwombe mtoto wangu msamaha, kwa mdomo wake, simu ikiwa mfukoni. Naomba pia yeyote atakayewaletea mbwa mzee asikilizwe siku hiyo hiyo.

Mtoto wangu aliuliza Kiritiri ni wapi. Nimemjibu ni soko la mbuzi na makaa, basi. Naomba ofisi yenu isaidie ibaki hivyo.