Seremala wa Mutuini Anayetaka Kwenda Kutembea Guyana

Pasipoti hana. Sanduku la safari hana, ila mfuko wa turubai anaobebea randa na patasi zake. Hana ndugu wala rafiki ng'ambo. Hana harusi ya kuhudhuria huko, wala mgonjwa wa kumjulia hali. Ndege hajawahi kupanda. Bahari aliiona mara moja tu, mwaka 1971, alipopelekwa Mombasa kufunga milango ya duka, na hata hiyo aliiona kwa upande, katikati ya maghala mawili. Na kwa miaka yake yote hamsini na mitatu, Kisilu Ndeti hajawahi kuwa na likizo ambayo hakuitumia kufanya kazi.

Saa saba mchana misumeno inanyamaza katika karakana moja nyuma ya maduka ya Westlands, jijini Nairobi. Mafundi wanatoka kutafuta chai. Kisilu anabaki. Anapangusa vumbi la mbao kwenye nyusi, anakaa juu ya rundo la mbao za saipresi, anafungua bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, aliofungiwa na mkewe, na kabla hajatia kijiko cha kwanza mdomoni anatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ni ukurasa uliochanwa kwenye jarida la wauza mbao. Mikunjo yake imelegea, na Kisilu ameishikiza kwa nyuma kwa gundi na vipande vya kitambaa. Picha iliyopo ni ya kanisa jeupe, refu, lenye madirisha mengi, lililo katika mji wa Georgetown, mji mkuu wa Guyana, kule kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Kuta zake ni za mbao, nguzo ni za mbao, mnara ni wa mbao. Ni miongoni mwa makanisa marefu zaidi ya mbao duniani.

"Angalia hii nguzo," anasema, kidole chake kinene kikiifuata kutoka chini hadi juu. "Kuna fundi aliisimamisha. Mimi nataka nisimame chini yake, nione vile waliunganisha. Ulimi umeingia wapi, tundu liko wapi. Basi. Halafu nitoke nje, nikae kwa kivuli kama mtu asiyedaiwa kiti na mtu."

Ukurasa huo ulimfikia mwaka 1983. Mwajiri wake, Mzee Harbans, alikuwa ametupa majarida ya zamani, na Kisilu aliyachukua ili awashe moto wa kuchemshia gundi. Kanisa likamtazama kutoka kwenye kiganja chake. Moto aliuwasha kwa ukurasa mwingine.

Chini ya picha paliandikwa habari za mti wa Guyana ambao mbao yake, ukiitia majini, inazama. Kisilu si mtu wa kushangazwa na hilo peke yake. Yeye ni Mkamba wa Mwala, na amekua akiwaona wachonga vinyago wakihangaika na mpingo, ambao nao huzama.

"Lakini mpingo ni wa vinyago," anaeleza. "Utatoa wapi boriti ya mpingo ya futi arobaini? Hawa watu wana mti mzito kama chuma, na mrefu kuliko kanisa. Wameujengea mpaka gati za meli. Mti kama huo mtu anatakiwa auone kabla ya macho kuchoka."

Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya ibada, Kisilu amekuwa akitengeneza vigoda, meza na kabati nyuma ya nyumba yake Mutuini, pembezoni mwa jiji, na kuwauzia wapangaji wapya wanaohamia huko kila mwezi. Mshahara wake wa karakana ni shilingi elfu nne na mia tano kwa mwezi. Nauli ya kwenda Guyana na kurudi inazidi mshahara wa mwaka mmoja na nusu. Imemchukua miaka kumi na mmoja kuifikia, na mwaka huu wa 1994 ameifikia.

Januari alivaa suti yake ya pekee, akapanda ngazi za ofisi moja ya tiketi za ndege katikati ya jiji. Aliyempokea ni Indu, mwanamke mchangamfu mwenye miwani, ambaye anakiri kwamba alidhani Kisilu ameleta barua ya bosi wake.

"Nikamwuliza, mzee, umetumwa na nani? Akasema, nimejituma mwenyewe."

"Unaenda wapi?" Indu aliuliza.

"Guyana."

"Ghana, ya Accra?"

"Hapana, mama. Guyana. Ghana unaipita, unavuka maji."

Indu alifungua kitabu kikubwa cha safari, akapekua, akacheka peke yake. Miaka kumi na minne katika kazi hiyo, hakuwa amewahi kumkatia mtu tiketi ya huko. London kwanza, halafu Port of Spain, halafu Georgetown. Akamwuliza kama ni ya kwenda tu ama ya kwenda na kurudi.

"Ya kurudi," Kisilu alijibu. "Nina ng'ombe."

Ghana hiyo imemfuata kila mahali. Jirani mmoja wa Mutuini ameahidi kumpa anwani ya mtu anayemfahamu Kumasi. Kisilu ameacha kusahihisha watu. Huitikia tu, kisha huingia ndani na kufungua atlasi ya shule ya mwanawe, Muli. Huweka ncha moja ya rula juu ya Nairobi, nyingine juu ya Georgetown, na hukaa hivyo, chai ikipoa, akiutazama weupe wa bahari ulio katikati. Anasema wakati mwingine husikia kabisa mvua ya huko ikipiga mapaa ya mbao, mvua nene, isiyo na haraka.

Mkewe, Nzembi, hakuyapokea haya kwa urahisi. Kwa watu wa kwao, livu, yaani likizo ya kazini, ni ya kwenda Mwala: kurudishia matuta yaliyobomoka, kuezeka ghala, kuzika, kulipa mahari.

"Nilimwuliza, Baba Muli, ni nani amekufa huko?" anasimulia, akichambua maharagwe. "Akasema hakuna. Kuna mtu anaoa? Hakuna. Umepata kazi? Hapana. Sasa unaenda kufanya nini? Akaniambia, kutembea. Nikasema, hata hapa Dagoretti Corner unaweza kutembea, na urudi na nyama."

Kisilu, aliyeketi kando, anacheka mpaka mabega yanatikisika. "Mama Muli, nyama ya Dagoretti nimeila miaka thelathini."

Na ni neno hilohilo, kutembea, lililokaribia kuivunja safari.

Mzee Harbans alikubali kumpa siku ishirini na nane za Aprili mwaka ujao, kwa sababu Mei karakana inaanza oda ya milango ya jengo jipya na hakuna fundi atakayeruhusiwa hata kupiga chafya. Ila alitoa sharti moja: kwanza ajulikane atakayempokea fundi wake huko. Indu akamtafutia Kisilu anwani ya nyumba ndogo ya wageni, vyumba vitatu tu, inayoendeshwa na mjane mmoja aitwaye Bi. Persaud, karibu na kanisa lenyewe.

Julai Kisilu aliketi, akaandika barua kwa mkono wake. Kiingereza anakisoma vizuri, ila hukiandika kwa kukitoa kwenye Kiswahili, neno kwa neno, kama mtu anayehamisha matofali. Kiswahili kina neno moja kwa anayetumia miguu na kwa anayekwenda kustarehe. Kiingereza kina mawili, naye akachukua lile la miguu. Alimwandikia Bi. Persaud kwamba amekusudia kuja kutembea nchini kwao kwa muda wa wiki tatu, na kwamba amekuwa akijiandaa kwa miaka kumi na mmoja.

Jibu lilifika mwishoni mwa Septemba. Kisilu alilisoma mara mbili akiwa amesimama, kisha akampelekea Mzee Harbans.

"Bwana Ndeti," Bi. Persaud aliandika, "nimeheshimu sana maandalizi yako. Lakini nchi hii ni msitu na mito, na hakuna njia ya kuivuka kwa miguu. Unaanzia wapi na kuishia wapi? Una kiongozi? Daktari wako anajua? Na watembeaji wa namna yako hulala porini, sasa kitanda changu unakitakia nini?"

Mzee Harbans, mwenye miaka sabini na kilemba cha rangi ya samawati, alilazimika kuketi. "Nilicheka mpaka msumeno ikazimwa," anasema. "Nikamwambia, fundi, huyu mama anafikiri wewe ni mwendawazimu. Kwanza mimi pia nilikuwa nafikiri hivyo. Kanisa ya mbao iko mpaka hapa Kawangware!"

"Hiyo ni ya mabati, Mzee," Kisilu alimkumbusha.

"Na ndani iko nini? Si mbao?"

"Ndani iko viti vya plastiki."

Kicheko kilipoisha, waliisoma sehemu iliyobaki, na hiyo haikuchekesha. Aprili ni Pasaka, na Waguyana walio ng'ambo hurudi nyumbani. Bi. Persaud angekishikilia chumba mpaka mwisho wa Oktoba tu. Chumba kilichobaki ni cha juu, kinachotazamana na mnara wa kanisa. "Nakuonya mapema," aliandika, "mlango wake umefura na hukwama, na mafundi wa hapa wamenichosha." Kisha akataja bei ya kulala.

Barua kutoka Nairobi huchukua wiki tatu. Hapakuwa na nafasi ya kukosea tena. Na kwa bei hiyo, fedha za Kisilu zilitosha usiku kumi, si ishirini na moja.

Mzee Harbans ndiye aliyeliona jibu kwanza. "Wewe ni seremala, yeye iko na mlango mbaya. Mwambie utatengeneza hiyo, na zingine zote. Utalala bure wiki tatu, na atakupikia."

Lilikuwa wazo zuri, na Nzembi alipolisikia aliliunga mkono. Jumamosi alasiri, kibarazani Mutuini, Kisilu akaandika barua mpya. Alieleza kosa la neno. Alieleza kwamba yeye ni fundi wa mbao, kwamba milango ya nyumba hiyo ataipiga randa na kuirudishia bawaba, naye apewe kitanda. Aliandika kwa mwandiko safi, wino mweusi. Kisha akamsomea mkewe, akiigeuza kwa Kiswahili.

"Ni nzuri," Nzembi alisema. "Sasa mbona umenuna?"

Kisilu aliiweka kalamu chini. Alikuwa akiitazama mikono yake, kucha moja nyeusi tangu ilipogongwa na nyundo mwezi wa tano.

"Mama Muli, nimejiona. Nimejiona huko niko na randa, asubuhi. Kanisa liko dirishani, na mimi nimeinama, naangalia chini."

"Ni mlango mmoja."

"Haujawahi kuwa mmoja. Ukirekebisha mmoja, jirani anakuja na kabati. Mwala ni hivyo. Hapa ni hivyo." Akaupapasa ubao wa meza. "Nataka niguse mbao ambayo silazimiki kuipiga randa. Nione kama naweza."

Nzembi aliendelea kuchambua maharagwe aliyokuwa nayo mapajani. Baadaye alisema, "Siku kumi ni chache."

"Ni chache."

"Kufika huko kote, mtu anakaa siku kumi?"

"Nitaangalia polepole."

Ndipo Nzembi alipoinuka, akaingia ndani, akarudi na karatasi nyingine safi. Aliiweka mezani, akaichukua ile ya kwanza, akaenda nayo jikoni kuwashia moto.

Jumatatu, mapumziko ya mchana, Kisilu anavuka barabara kuelekea posta ya Westlands, akiwa na bahasha ambayo bado iko wazi. Wafanyakazi wa ofisi wanampita na vitafunio vyao, teksi zinapiga honi, na yeye anatembea katikati yao kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Kwenye kaunta ananunua stempu, anaibandika kwenye bahasha, kisha anaegemea ukuta na kuisoma barua yake kwa mara ya mwisho, midomo ikicheza.

Ni fupi. Inasema kwamba neno alilotumia lilikuwa na maana nyingine, na kwamba miguu yake ni ya kawaida. Inasema atafika tarehe kumi Aprili na kuondoka tarehe ishirini, na atalipia kila usiku. Inasema anakuja kuona kanisa, na mti unaozama, na mvua ikiwapo.

"Kazi yangu nimeiacha Nairobi," inamalizia. "Kuhusu mlango wa chumba cha juu, usiuguse kwa ajili yangu. Nitausukuma kwa bega, kama wageni wengine."

Anaikunja karatasi, anaiingiza ndani ya bahasha, analamba gundi, kisha anaibana kwa kidole gumba kutoka pembe moja hadi nyingine, bila haraka, mpaka aridhike kwamba imeshika. Anaisukuma kwenye tundu la sanduku la posta. Inazuia kidogo, anaisukuma tena, nayo inateleza ndani.