Sahani Niliyompakulia Meneja

Mama alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho pale Musoma, alikaa kwangu mpaka daktari alipomruhusu kuvua ile miwani myeusi. Kwa miaka mingi alikuwa akitujua wanawe kwa sauti na kwa kutupapasa mikono. Siku hiyo alinitazama usoni, akacheka, akasema, "Kumbe umezeeka hivi."

Nikataka jioni ile aone kitu kizuri. Mimi ni fundi cherehani, nauza na vitenge, na mteja wangu mmoja alikuwa hachoki kuusifia mgahawa wa Kifaransa uliofunguliwa ufukweni, juu ya mawe. Nikapiga simu kuomba meza ya dirishani. Nikawaeleza kabisa kwamba mama yangu ndiyo kwanza amerudishiwa macho, nataka alione ziwa jua likizama.

Mama alivaa kitenge nilichomshonea mwenyewe, na viatu vyake vya kanisani. Tulipofika, meza ya dirishani ilikuwa tupu. Meneja, mwanaume mwembamba aliyevaa kizibao cheusi na kuongea kwa kunong'ona, alimtazama mama kuanzia kilemba mpaka viatu, kisha akatupeleka kwenye meza iliyobanana na mlango wa jikoni. Nilipomkumbusha simu yangu, akasema kuna wageni wanakuja kukaa dirishani. Mpaka tunaondoka hakuwa amekuja mtu.

Supu ya vitunguu ililetwa imepoa, kipande cha mkate kikielea juu yake kama kitu kilichodondokea humo kwa bahati mbaya. Baada ya hapo akaja sato. Niliagiza sato nikiamini hapo hatuwezi kukosea, sisi watu wa ziwa. Ikawekwa mbele yetu sahani nyeupe, pana kama ungo, na katikati yake mnofu unaolingana na kile kisabuni cha gesti. Juu ya mnofu majani mawili. Pembeni, mchuzi umechorwa mstari.

Mama akaizungusha sahani taratibu. "Kichwa wamempa nani?" akaniuliza.

Nikacheka. Nilikuwa bado nina furaha. Akauliza, "Na ugali je?"

Nikamwomba mhudumu ugali. Mhudumu akaenda kumwita meneja. Meneja akaja, akainama kwa adabu, lakini safari hii hakunong'ona. "Mama, hapa sio kwa mama ntilie. Ugali mtaupata stendi."

Wa meza ya jirani wakacheka.  Mama akanyoosha mkono, akamega samaki kwa vidole, kama alivyokula maisha yake yote. Ndipo yule mwanaume akaushika mkono wa mama yangu. Akaufuta kwa kitambaa, akauwekea uma, akamkunja kidole kimoja kimoja juu ya mpini, mbele za watu. "Sisi huku tunakulaga hivi," akasema, akiiga lafudhi yetu. Wale wa meza ya jirani wakacheka tena.

Mama hakula tena. Aliuficha mkono ndani ya kitenge mpaka tulipotoka. Kwenye bajaji akaniambia, "Zamani wangecheka, nisingejua kama ni mimi wananicheka."

Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa sato. Nikautangaza ule mgahawa dukani kwangu. Kila aliyekuja kupimwa gauni alisikia habari zake, apende asipende. Lakini maneno hayakunitosha. Nilitaka yule mwanaume akae mahali, mbele za watu, asiweze kuinuka.

Mwaka uliofuata binti wa kaka yangu akapata mchumba, kijana mpole wa Bunda, fundi umeme. Binti akaja nimshonee nguo ya siku ya mahari. Nikiwa nimepiga magoti kwenye pindo, pini mdomoni, nikasikia akisema, "Shangazi, msemaji wao atakuwa mjomba wake. Ni mtu wa maana. Ndiye meneja wa ule mgahawa wa Kifaransa."

Nikatoa pini mdomoni nisije nikazimeza. "Mwambie mchumba wako," nikasema, "tunawasubiri kwa hamu."

Kaka aliniona nikiimba asubuhi ya siku ya mahari, nyumbani kwetu Butiama, akashtuka. "Usiniharibie ukwe," akaniambia.

"Wewe shughulika na ng'ombe," nikamjibu. "Jiko ni la shangazi."

Wageni wakafika mchana, wamechelewa, jua limewachoma, njaa inasomeka usoni mwao. Meneja alivaa suti. Akamwinamia mama, akampa mkono. "Shikamoo, bibi." Hakumtambua. Mama alimtambua, maana aliitikia "marahaba" huku mkono wake akiurudisha haraka kwenye kitenge.

Tukapakua. Ugali wa muhogo na mtama, nyama ya kuchemsha, sato wazima kwenye mchuzi. Sahani ya meneja niliibeba mwenyewe. Ilikuwa sinia pana kuliko yote tuliyokuwa nayo, na katikati yake kipande cha sato cha kushika kwa vidole viwili. Juu, majani mawili ya mchicha. Mchuzi niliuchora mstari kwa kijiko, nikajitahidi unyooke. Nikamwekea uma na kisu.

Akalitazama sinia, akanitazama mimi. Nikaona amekumbuka. Akasema kwa ile sauti yake ya kunong'ona, "Shangazi, naomba na ugali kidogo."

"Mkwe," nikamjibu, na nilihakikisha hata aliyekaa mwisho kabisa amesikia, "hapa sio kwa mama ntilie. Ugali mtaupata stendi."

Watu wakaacha kutafuna. Msemaji hainuki kwenye chakula cha wakwe. Akiinuka, ameikataa posa. Kwa hiyo alikaa, akala kwa uma, jasho likimtiririka, nami nimesimama pembeni namuuliza kama mchuzi umemkolea.

Mzee wa upande wetu akataka kujua kuna nini. Nikaeleza yote, sikuacha kitu, mpaka vile vidole vilivyokunjwa kimoja kimoja. Wazee wa Bunda wakainamisha vichwa. Kwetu kosa la mgeni hulipiwa faini kabla ng'ombe hawajatajwa. Wakamuuliza mama anataka nini.

"Mbuzi," akasema mama. "Wa leo."

Meneja akatoka mwenyewe kumtafuta, na suti yake. Nilisimama mlangoni nimwone akirudi. Alirudi akivutana na beberu mkaidi, viatu vimejaa vumbi, tai begani. Akamwambia mama, "Bibi, nimekosa."

Mama akamwonyesha mti kwa kidole. "Mfunge pale," akasema.

Mahari ikazungumzwa, ndoa ikafungwa, na wanaishi vizuri huko Bunda. Kaka alininunia siku nyingi, akisema nimeuaibisha mji wake mbele ya wakwe. Sikumwomba msamaha, wala sitamwomba.

Siku ile wageni walipoondoka tulimchinja yule beberu. Mama tukampa maini. Akatafuna polepole, akafikiri, akaniambia chumvi imepungua. Nikainuka kwenda kumletea.