Kitunga cha Maharagi

Mama yangu alishuka Butembo kutoka Kipese akiwa na gunia la viazi na blanketi zito lililofungwa kwa kamba. Bunduki zilikuwa zimekaribia kwao, na sisi wanawe tulikubaliana kwamba akae kwangu. Alifika wakati wa mvua, ukungu unapolala juu ya mabati hadi karibu na adhuhuri na nguo zikikataa kukauka.

Makala, yaani makaa ya kupikia, yalikuwa adimu mjini, kwa sababu barabara za msituni hazikuwa salama. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimepata sokoni kitabu cha fizikia cha Kifaransa, kisicho na jalada. Humo nilijifunza kwamba joto hutoroka kila mahali linapoachiwa njia. Nikachukua kitunga kikubwa cha kubebea viazi, nikakijaza majani makavu ya migomba pembeni na chini, nikashona mto wa vitambaa wa kukifunika. Mke wangu alichemsha maharagi kwenye mbabula, jiko letu la makala, mchana, kwa muda mfupi tu, kisha tukaingiza sufuria kitungani na kuyazima makala yaliyobaki. Jioni maharagi yalikuwa laini na bado yanatoa mvuke. Tangu siku hiyo gunia la makala likadumu kuliko zamani, nami nikaridhika na kazi yangu.

Mama hakuridhika.

"Unafungia maharagi mu kitunga kama kuku ya kupeleka ku soko," aliniambia. "Na mangaribi jiko iko giza. Mutu anaota moto wapi?"

Jioni moja nilimkuta anaingia chumbani kwake na mbabula yenye makala mekundu. Nilimzuia mlangoni.

"Mama, hapana. Makala iko na hewa mubaya, haina harufu. Mu chumba yenye kufungwa inaua mutu mu usingizi."

"Na baridi itaniua nikiwa macho." Aliniachia mbabula bila kubishana, na hilo lilinitisha zaidi. "Kesho kutwa nitarudia Kipese. Kule kuko vita, lakini kuko moto."

Kesho yake nilipanda ngazi nikaziba kwa magunia na misumari mianya yote kati ya ukuta na mabati. Nyumba ilipata nafuu. Hata upepo wa kupenya ulipungua. Lakini mama alikuwa amekwisha kulifunga blanketi lake kwa ile kamba na kuliweka karibu na mlango.

Mke wangu alikuwa anamenya viazi. Akasema bila kuinua macho, "Papa, hii moto ya saa munane, ni nani anaiota? Ni mimi peke yangu, na jua iko inawaka."

Nilisimama pale na nyundo mkononi. Kipese, sufuria ya maharagi hukaa motoni wakati watu wanaporudi shambani, na kila mmoja huvuta kigoda chake. Sisi tulikuwa tunawasha moto saa ambayo hakuna anayeuhitaji.

Jioni hiyo tuliwasha mbabula jikoni, nyuma ya nyumba, mlango ukiwa wazi, makala yakiwa kiasi kile kile cha kila siku. Tulichemsha maharagi ya kesho. Watoto walikaa kando ya nyanya yao, naye akafukia viazi kwenye majivu ya pembeni.

"Koko, hii ya kwangu!" mtoto mmoja alimwambia nyanya yake.

"Ya kwako ni ile imeungua. Nani alikutuma kuichokorachokora?"

Aliwasimulia jinsi nilivyoogopa mbuzi nilipokuwa mdogo. Watoto walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye kigoda, na sikupata nafasi ya kujitetea.

Maharagi yalipochemka vya kutosha, mama ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Leta kitunga. Kuku yako ilale."

Asubuhi sufuria ilikuwa bado na uvuguvugu, na mchana maharagi yalihitaji moto kidogo tu ili yachemke tena. Nilipokwenda kurudisha kitunga mahali pake, niliona kwamba mto haukuwa umelegea kama siku nyingine. Ulikuwa umekazwa kwa kamba niliyoifahamu. Nikachungulia chumbani kwa mama. Blanketi lilikuwa limetandikwa kitandani.